MREJESHO: Yule koni sneki wangu (corn snake, nyoka wa kufuga) kashajivua gamba

Wakuu asanteni sana, yule koni sneki mdogo niliyewaulizia, macho yalikuwa ya bluu yana ukungu na kula hataki, hatimaye kajivua. Sikumlisha wala kumshikashika, nikamuwekea kikopo chenye tundu na tishu zilizoloa ndani, akawa anashinda humo, macho yakarudi kung'aa nikajua ameghairi kumbe ndo yuko karibu, siku chache mbele gamba likatoka zima, limegeuka ndani nje kama soksi. Nimelikagua kwenye mwanga, vifuniko vya macho (vigamba vyepesi vinavyofunika macho, navyo hutoka na gamba) vyote viwili vipo, ila mkiani kabakiwa na kipete cha ngozi kavu, na kikikauka pale kinabana damu, so nimemloweka maji vuguvugu kidogo tu, kikilainika nakisugua na pamba, kuvuta sivuti. Panya wa kumlisha atasubiri kesho.