Mjadala: Daktari ana leseni yake. Kliniki yake nayo ikatiwe leseni?

MLETA MADA
Wadau, daktari akishasajiliwa na baraza na kupewa leseni ya kutibu, kliniki anayoimiliki mwenyewe iombewe leseni nyingine? Wako wanaosema haina haja. Kule Florida, Marekani, sheria ya leseni za kliniki haizigusi zile ambazo wenyewe ni wataalamu wa afya wenye leseni watupu. England ni kinyume: tangu Aprili 2013, kituo cha daktari wa familia lazima kisajiliwe na tume ya ukaguzi, CQC, hata kama ni cha daktari mmoja.

Mimi nasema ikatiwe. Leseni ya daktari inamjua yeye: kasoma wapi, kafaulu nini, ana shauri gani la maadili. Haijui kama sinki linatoa maji, wala nani anaosha vifaa jioni yeye akiwa keshaondoka.

DAKTARI
Ndugu mleta mada, nina chumba kimoja na msaidizi mmoja. Leseni yangu nahuisha, kibali cha taka hatarishi ninacho, cha eksirei ninacho. Kila ofisi na fomu yake, maswali yaleyale. Mkaguzi wa mwisho alipima upana wa mlango akaondoka. Hakuniuliza mgonjwa akizimia mkononi mwangu nafanya nini. Hospitali kubwa ina watu wa kujaza makaratasi, mimi nayajaza usiku. Mkiongeza jingine, wadogo tutafunga tukaajiriwe.

Halafu leseni ilizuia nini Las Vegas? Mwaka 2008 watu wapatao 40,000 waliitwa wakapimwe homa ya ini na VVU, kwa sababu kituo cha kuchunguza utumbo kilitumia chupa moja ya dawa ya usingizi kwa wagonjwa tofauti. Kile kituo kilikuwa na leseni.

MUUGUZI
Daktari, hapo kwenye chupa ndipo penyewe. Nimefanya kazi kwa daktari hodari kweli, mgonjwa akimshika mkono anatulia. Lakini chupa ya ganzi ilikaa mezani wiki nzima, sindano inabadilishwa, bomba ni lilelile, linarudi kuchovya. Yeye hakuwahi kuona, maana kazi hiyo haikuwa yake. Na ile tepu ya kwenye pakiti za vifaa, ikigeuka rangi tulijua vimetakasika. Kumbe inaonyesha tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Kipimo cha vijidudu, kinachothibitisha kwamba mashine inaua, sikukiona mwaka mzima. Mimi ni mwajiriwa wake. Nani angenisikiliza?

MLETA MADA
Dada, umesema nililokuwa nalitafuta. Mwenye kliniki ndiye bosi, ndiye mtaalamu, na ndiye anayeambiwa makosa yake mwenyewe. Mtu wa nje akikosekana, hakuna pa kusemea.

Daktari, la Las Vegas nakubali: leseni isiyofuatwa na mguu wa mkaguzi ni karatasi. Kliniki ya Kermit Gosnell, daktari wa kutoa mimba kule Philadelphia, haikukaguliwa na idara ya afya tangu 1993, hadi wapelelezi wa mambo ya dawa walipoingia 2010 na kukuta uchafu na vifaa visivyotakaswa. Lakini kwangu huo ni ushahidi wa kutaka ukaguzi, si wa kuufuta.

Na la upana wa mlango uko sahihi kabisa, linakera. Kwa hiyo nalegeza msimamo: anayesikiliza kifua na kuandika dawa ajisajili kwa fomu moja, yaishe. Anayelaza mtu kwa dawa ya usingizi, anayekata ngozi, anayerudia kutumia vifaa, huyo akaguliwe bila kupewa taarifa, na mkaguzi awe mtu aliyewahi kushika vifaa hivyo. Vile vibali vingine viingizwe humohumo.

DAKTARI
Fomu moja badala ya nne, nitasaini leo. Bila taarifa ndipo pagumu: akija nina mgonjwa kitandani, nani anasubiri?

MUUGUZI
Asubiri mkaguzi. Akae nje, daktari akimaliza aingie aone tunavyoosha vifaa vya mgonjwa huyohuyo.