Tupeane uzoefu: wastaafu wawili kwenye bustani ya burudani, siku ilikwendaje?

Mwalimu Mstaafu, Tanga (mwanzisha mada):

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, na wadogo nawasalimu. Ninafungua mada hii kwa ajili ya wastaafu, na pia vijana wanaotaka kuwapeleka wazazi wao kwenye bustani za burudani, zile zenye bembea kubwa, vigari vya reli na maonyesho. Maelezo mengi ninayoyasoma yameandikwa kana kwamba kila mgeni ana umri wa miaka kumi. Naomba mwenye uzoefu atueleze alikwenda wapi na mwenzake, na ni kipi kilichomfaa mtu wa rika letu. Naanza mimi.

Binti yetu anaishi Denmark, na alipotualika wakati wa kiangazi alitupeleka Tivoli, bustani iliyo katikati ya jiji la Copenhagen, jirani kabisa na stesheni kuu ya treni. Ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843 na Georg Carstensen, ambaye husimuliwa kwamba alimshawishi Mfalme Christian wa Nane ampe kibali kwa hoja kuwa watu wanapoburudika hawawazi siasa. Hoja hiyo, nadhani, watawala wa nchi nyingi wangeielewa bila kufafanuliwa.

Kilichotufaa zaidi ni kwamba kiingilio ni tiketi moja na kupanda vyombo ni tiketi nyingine, kwa hiyo mzee asiyetaka kurushwa hewani halazimiki kulipia kurushwa. Tulitembea kando ya ziwa, ambalo ni mabaki ya handaki la maji lililoilinda ngome ya mji wa zamani, tukakaa kwenye mabenchi kati ya maua, na hakuna aliyetuharakisha. Baadaye tulitazama jumba la maigizo la mwaka 1874 lililojengwa kwa mtindo wa Kichina, ambalo pazia lake ni mkia wa tausi unaojikunja pande mbili onyesho linapoanza. Maigizo yenyewe ni ya ishara tupu, hivyo asiyejua Kidenmaki anacheka pamoja na wenyeji na kwa sababu zilezile.

Mke wangu, ambaye baba yake alikuwa fundi wa reli, alishatangaza kwamba hapandi chombo kisicho na dereva. Binti akamwonyesha reli ya mbao iliyojengwa mwaka 1914, inayopanda na kuteremka ndani ya mlima wa bandia, ambayo kila treni yake hubeba mfanyakazi anayeshika breki kwa mkono wake mwenyewe. Mama alimkagua yule kijana, akaikagua ile breki, kisha akaketi. Mimi nilibaki chini na mikoba yote, na nilipomwona akirudi ameinua mikono yote miwili nilijua kwamba habari hiyo itasimuliwa katika kila harusi ya ukoo.

Ushauri wangu ni kufika mchana na kubaki hadi taa ziwashwe, kwa kuwa uzuri wa mahali pale ni wa jioni. Kumbukeni kwamba kiangazi kule jua huchelewa sana kuzama, basi pumzikeni kabla ya kutoka nyumbani.

Bibi wa Kinondoni:

Hongera kwa mada, Mwalimu. Sisi hatukuvuka bahari. Wajukuu walitupeleka Kunduchi, kwenye bustani ya maji ya Wet 'n' Wild, lakini mzee wangu aliweka sharti kwamba kwanza tupitie magofu ya Kunduchi, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa vyombo vya kauri za Kichina. Wajukuu walinuna, ila walivumilia.

Kwenye maji, vijana walikwenda kwenye mitelezo mirefu, nasi tukachagua mfereji ambao maji yake yanatembea polepole na mtu anaelea juu ya boya. Mzee alifanya kazi bandarini maisha yake yote na hakuwahi kuelea bila kazi ya kufanya. Siku ile ilikuwa shida kumtoa. Kina mama wenzangu, ulizeni mapema kuhusu mavazi, kwa sababu bustani nyingi za maji hazikubali nguo za pamba. Vazi la kuogelea la kusitiri mwili mzima, lenye kitambaa chepesi kisichonyonya maji, linapatikana madukani Kariakoo.

Mama Muscat:

Assalaam alaykum. Mie na bwana tuliwafuata watoto Dubai tukaenda Global Village, ambayo hufunguliwa miezi ya baridi tu, kwa kuwa joto la kiangazi halimruhusu mtu kutembea nje, na milango yake hufunguliwa alasiri. Nchi mbalimbali zina mabanda yao. Bwana hakuvuka banda la Afrika: alimkuta muuza vinyago kutoka Kenya, wakaanza kuulizana habari za Mombasa, na mimi nikaenda kupanda gurudumu kubwa na mkwe wangu. Ni mbali kwa miguu, vaeni viatu mlivyokwisha kuvizoea.

Kijana wa Arusha:

Shikamooni. Wazazi wangu wote wawili wana shinikizo la damu, na mama amewahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Je, niwapeleke au niache?

Mwalimu Mstaafu, Tanga:

Marahaba, kijana. Wapeleke, lakini mwulizeni kwanza daktari wao. Kwenye mlango wa vyombo vyenye kasi huwekwa bango linalotaja wasioruhusiwa kupanda, na wagonjwa wa moyo, mgongo na shingo karibu kila mara wamo. Mama asome bango kabla ya kupanga foleni. Dawa wanywe kwa saa zilezile za kawaida, na kama mmoja wao anatumia vidonge vya kupunguza maji mwilini, tafuteni vyoo viko wapi mara tu mnapoingia, kwani wazee wengi huamua kutokunywa maji siku nzima kwa kuogopa kuhangaika, na hilo juani ni hatari. Tiketi ya vyombo usiinunue mapema pale inapouzwa peke yake. Waache wazunguke, wale, wakae, na baba akikuuliza mwenyewe bei ya kupanda, hapo ndipo utoe pochi.