Kijiji cha mfereji: wanafunzi waanze na jengo lipi?

Mwalimu_Ngara
Wadau, naandaa somo la wiki moja kwa wanafunzi wa usanifu hapa Nairobi kuhusu Stoke Bruerne, kijiji kidogo cha mfereji huko Northamptonshire, Uingereza. Picha na ramani ninazo: kinu cha nafaka ambacho tangu 1963 ni makumbusho, baa iliyoezekwa nyasi, nyumba za mawe, loki. Nachelea wataishia kuchora kuta tu. Nianze na jengo lipi? Na kuna funzo la ukarabati litakalofaa majengo yetu ya mawe hapa mjini?

Baba_Ramani
Mwalimu, anza na maji, majengo yatajieleza yenyewe. Wape hesabu ya loki moja, yaani kile chumba chenye malango mbele na nyuma, cha kupandishia na kushushia mashua: urefu mita 22, upana 4.3, maji yanapanda 2.4. Zidisha: karibu lita 227,000 zinateremka kila loki inapomwagwa. Mashua za pale zina upana wa mita 2.1 hivi, kwa hiyo mbili zinaingia sambamba na kugawana maji hayo. Ikiingia moja peke yake, nusu ya nafasi imepotea na maji ni yale yale. Pale kuna loki saba mfululizo.

Kisha waulize: mashua ilisimama wapi, na kwa nini? Kaskazini tu ya kijiji mfereji unapita chini ya kilima kwa handaki la Blisworth, mita 2,813, lililofunguliwa 1805. Ndani hakuna njia ya farasi aliyekuwa akikokota mashua. Farasi alifunguliwa na kupelekwa kwa miguu juu ya kilima, huku watu wakilala chali kwenye mbao na kuisukuma mashua kwa nyayo dhidi ya ukuta. Mahali pa kufungua farasi, kungoja zamu na kupakua mzigo panahitaji zizi, ghala na chakula. Mwanafunzi akiona hivyo, baa iliyo kando ya maji haitakuwa pambo tena machoni pake.

Dada_Ramisi
Naongeza: kuanzia 1800 hadi 1805 handaki lilikuwa halijakamilika, mizigo ikavushwa kilimani kwa mabehewa ya reli yaliyokokotwa na farasi. Wachore njia zote mbili kwenye karatasi moja, ya juu na ya chini. Kwenye njia ya farasi wataona minara ya matofali katikati ya mashamba. Hayo ni matundu ya hewa ya handaki. Wengi huyapita wakidhani ni visima.

Fundi_Chokaa
Kuhusu kuta: zilijengwa kwa chokaa, na hapo ndipo ukarabati huharibika. Ukijaza viungo vya kati ya mawe kwa simiti ngumu, maji yaliyomo ukutani hayapati pa kutokea ila kupitia jiwe lenyewe. Kule yakiganda wakati wa baridi, uso wa jiwe unabanduka. Hapa Nairobi hatuna barafu, lakini chumvi inafanya kazi ile ile polepole: angalia jiwe laini lililozungukwa na simiti, utakuta viungo vimechomoza na jiwe limeliwa likaingia ndani.

Utaratibu: kwangua kiungo kwa patasi nyembamba, kina angalau mara mbili ya upana wake, mara nyingi milimita 25. Msiguse na grainda. Inakata kingo za mawe, na kingo hazirudi. Ondoa vumbi, lowesha ukuta jioni na tena asubuhi, uwe na unyevu bila maji kusimama juu yake. Chokaa sehemu 1, mchanga mkali uliooshwa sehemu 3. Shindilia kwa tabaka, usipake juu juu. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Jua la Januari likikausha haraka, mchanganyiko unageuka unga na utaukwangua kwa ukucha.

Mwalimu_Ngara
Asante sana. Fundi, chokaa ya mifuko ya duka la vifaa itafaa?

Fundi_Chokaa
Ile hukaza kwa hewa tu, si kwa maji, na hukaza taratibu. Kwa zoezi la darasani inafaa: iloweke kwenye ndoo angalau usiku mzima, kisha changanya ikiwa nzito kama ugali. Ukuta unaopigwa na mvua kila mwaka unataka chokaa inayokaza hata penye unyevu. Miwani na glavu ni lazima, chokaa inachoma macho.

Na usiruhusu mtu "kuiongezea nguvu" kwa kikombe cha simiti. Kikombe hicho ndicho kinachoua ukuta.