Mtoto ameona video ya ajali, sasa halali. Nifanyeje?

MamaWawili_Kondele: Wazazi wenzangu, kijana wangu wa miaka 9 alikuwa anacheza gemu kwenye simu yangu, akaingia kwenye galari akakuta video ya ajali, miili imelala barabarani. Mtu aliituma kwenye grupu la ukoo. Tangu hapo usiku ni taabu: taa lazima iwake, na anamshika dadake mkono mpaka usingizi umchukue. Jana amekataa katakata kupanda matatu. Babake anasema tumnyime simu, basi. Mimi naona hofu imeshamwingia, simu au bila simu. Aliyepitia haya anisaidie.

Mwalimu_Nakuru: Pole sana mama. Usimnyime kama adhabu. Mtoto akiadhibiwa kwa alichokiona, kesho akikutana na baya zaidi atanyamaza. Ongea naye mchana, si wakati wa kulala. Muulize aliona nini na anadhani kilifuata nini. Mwanafunzi wangu wa gredi ya nne aliyeona video kama hiyo alitaka tu kujua kama wale watu walifikishwa hospitali, na hakuna aliyekuwa amemjibu. Mwambie ukweli kwa maneno machache.

FundiSimu_Kibuye: Hizo video hujipakua zenyewe. Ingia setingi za WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utoe alama kwenye picha na video. Kisha kwenye sehemu ya chati, zima ile inayoziweka kwenye galari. Family Link ya Google ni ya bure na inasaidia kudhibiti programu, lakini haichuji yanayotumwa ndani ya WhatsApp.

Shangazi_Kakamega: Na aliyetuma aambiwe waziwazi! Grupu la ukoo ni la michango, harusi na matanga. Maiti ya mtu ina wenyewe, hairushwi ovyo. Kama unaona haya kumwambia mkubwa wako, mtumie admini.

BabaT_Nyalenda: Piga 116, ni Childline Kenya. Hulipi kitu, na mzazi pia anasikilizwa, si mtoto peke yake. Ndoto mbaya zikiendelea kwa wiki kadhaa, mpeleke hospitali.

MamaWawili_Kondele: Asanteni sana. Za kujipakua nimezima. Na matatu je, nimlazimishe?

Mwalimu_Nakuru: Hapana. Kama shule si mbali, tembeeni kwanza. Halafu mpande pamoja hadi steji inayofuata tu, mshuke. Siku ya kujaribu aichague mwenyewe.