Nyota ya 51: Puerto Rico na Washington wapewe ujimbo?

Kinyonga: Wakuu, bendera ya Marekani imebaki na nyota 50 tangu Julai 1960, baada ya Alaska na Hawaii kuingia mwaka 1959. Puerto Rico wako chini ya Marekani tangu 1898, ni raia tangu 1917, wanazidi milioni tatu, na rais hawampigii kura. Washington, mji mkuu wenyewe, wana kura tatu za wajumbe wanaomchagua rais ila hawana seneta hata mmoja. Wapewe ujimbo au la? Bila matusi tafadhali.

Mkongwe: Wapewe, walichelewa. Washington kuna watu karibu laki saba, Wyoming hawafiki laki sita na wana maseneta wawili. Nimeishi kule miaka minne. Kibao cha namba ya gari kimeandikwa kwamba mnatozwa kodi bila uwakilishi. Manung'uniko unayafunga mwenyewe kwa bisibisi, na unayalipia.

Sindano: Mkongwe na "nimeishi kule", kila uzi. Hapa hakuna cha haki, ni hesabu ya Seneti tu. Washington tisa katika kumi huwapigia Wademocrat. Ungekuwa Republican ungewagawia viti viwili bure? Kama shida ni kura, mitaa wanamoishi watu irudi Maryland ilikotoka, kama Virginia walivyorudishiwa kipande chao 1846. Ikulu na Kongresi vibaki peke yake. Kwisha.

Mkongwe: Kwani kuishi mahali ni dhambi? Wewe uliyeijulia Marekani kwenye runinga ndiye wa kutufundisha?

BintiKasri: Haya gombaneni. Puerto Rico wenyewe wanautaka huo ujimbo? Nakumbuka kura ya maoni moja asilimia 97 walikubali.

Kipimajoto: 97 ya nani, dada? Hiyo ya 2017, wapinzani walisusia, waliojitokeza hawakufika robo. Ya 2020 ndiyo ya kuaminika, 52 na ushee. Halafu wakiwa jimbo waiage timu yao ya Olimpiki. Jimbo halina kamati yake.

BintiKasri: Watu hawana kura ya rais, wewe unawaza medali?

Kipimajoto: Nawaza, ndiyo. Kikapu, Olimpiki ya Athens 2004, Marekani wana Iverson, Duncan na LeBron, wakachapwa 92 kwa 73 na kisiwa. Arroyo, mchezaji wao, anatoka uwanjani kaivuta jezi kwa mbele ili maandishi ya Puerto Rico yasomeke vizuri. Katia pointi 27. Hiyo utailipa kwa seneta gani?

Mchumvi: Ile timu ya Marekani ilikuwa ya watoto bwana. LeBron ana miaka 19! Isihesabiwe.

Kipimajoto: Duncan mtoto? Keshabeba ubingwa wa NBA mara mbili?

Sindano: Na Duncan mwenyewe mtu wa Virgin Islands ya Marekani, St. Croix. Kwao nako rais hawampigii. Mtu wa koloni kafungwa na koloni akiwa kavaa jezi ya bwana mkubwa.

Mkongwe: Ee, rudia hapo. "Koloni"? Asubuhi ilikuwa hesabu ya Seneti.

Sindano: Nilikataa viti vya bure, sikukataa kwamba ni koloni. Na Maryland mbona mnairuka?

Mchumvi: 2016 pia, Monica Puig, dhahabu ya tenisi, ya kwanza kwa Puerto Rico. Wangekuwa jimbo ingetumbukia kwenye kapu la Marekani, nani angeikumbuka?

Kinyonga: Wakuu, mada. 1959 wanasiasa walidhani Alaska itakuwa ya Wademocrat na Hawaii ya Warepublican. Leo ni kinyume kabisa. Kwa hiyo hesabu za Sindano zinaweza kumgeukia.

Sindano: Washington wameanza kumpigia rais kura 1964 na hawajampa Republican hata mara moja. Ndio wageuke kesho? Hilo jina hukulichagua bure.

Kinyonga: Jina langu limeingiaje humu?

BintiKasri: Kipimajoto, jibu moja tu. Kura au jezi?

Kipimajoto: Jezi. Mpuerto Rico akitaka kura anapanda ndege, akihamia Orlando, Florida, anajiandikisha kama Mmarekani yeyote. Jezi ikishafutwa hakuna ndege ya kuifuata.

BintiKasri: Kwa hiyo bibi wa miaka 80 aache nyumba yake, ahame, ili apate kitu ambacho jirani yake wa Florida kazaliwa nacho? Na wewe uko kwenye kochi unashangilia kikapu? Hovyo kabisa.

Kipimajoto: Punguza povu dada. Kuna Wapuerto Rico wengi tu wanaoukataa ujimbo, uwatukane na wao.

Mchumvi: Nimeangalia, Arroyo alitia 24. Siyo 27.

Kipimajoto: 24, 27, walifungwa hawakufungwa?

Sindano: Maryland.