Naomba ushauri: boila la kuni linajaa lami

Habari zenu wakuu. Nina boila la kuni la kilowati 25 lenye tangi la kuhifadhi maji ya moto la lita 1,000. Kila baada ya wiki mbili, kuta za ndani na dohani hujaa lami nyeusi inayonata. Kuni zina unyevu wa asilimia 18, kwa hiyo sizishuku. Dohani nimesafisha, kamba ya kuzibia mlango nimebadilisha, wapi!

Kinachonitia shaka: maji yanayorudi kwenye boila yana nyuzi 40 tu, ilhali vali ya kuchanganya (inayochanganya maji ya moto na yanayorudi ili yasiingie kwenye boila yakiwa baridi) imeandikwa 60. Pampu inazunguka vizuri.

Je, vali imekwama, au tangi ni dogo, maji yanafika nyuzi 80 mapema na hewa inayoingia kwenye moto inabanwa? Nitapimaje vali bila kumwaga maji yote?