Mafundi cherehani: oda zinachelewa kila wiki, mnapangaje siku?

Fundi_Kipimo
Wakuu, salaam. Ofisi ina cherehani moja ya umeme, ovaloki moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke), fundi mmoja na mwanafunzi wa miezi mitatu. Kazi kubwa ni magauni ya kitenge yenye bitana. Tunafungua saa 2 asubuhi, tunafunga saa 12 jioni, lakini ikifika jioni meza imejaa nguo nusu nusu. Mteja anaahidiwa Jumamosi, anapewa Jumanne. Tatizo ni simu, ni watu wanaoingia na zipu zao, au ni mpangilio?

Bobini
Anza na hesabu, fundi. Daftari la oda lina idadi ya nguo, halina muda. Wiki moja tu, andika pembeni ya kila gauni dakika za kukata, kuunga, ovaloki, kumalizia kwa mkono na pasi. Tuseme limekula masaa 4. Ofisi iko wazi masaa 10, ila toa chakula, swala, kuchukua vipimo, kukimbilia uzi dukani: cherehani inazunguka masaa 6 hivi. Siku 6 ni masaa 36, yaani magauni 9. Usipokee 9! Pokea 7, masaa 8 yanayobaki ni ya umeme kukatika na lile gauni litakalobana kifuani. La nane liandikie wiki ijayo hata mteja akinuna.

Na kila mteja aje kujaribu siku 2 kabla ya kuchukua, ubavu ukiwa umeungwa kwa mshono mrefu, ovaloki bado. Kufumua baada ya ovaloki kunakumalizia mchana.

kitenge_mkononi
Nguo nusu nusu zinatokana na kurukaruka. Kata magauni 3 kwa mkupuo, asubuhi kabla watu hawajaanza kuingia, maana mkasi ukikosea hakuna kufumua. Yakizidi 3 vipande vinachanganyika, mkono wa huyu unaishia kwa yule. Kila gauni lifungwe fungu lake kwa utepe wa kitambaa chake, na karatasi ya vipimo ndani. Jaza bobini (vigurudumu vya uzi wa chini wa cherehani) za rangi za siku hiyo kabla hujakaa.

Mwizi mkubwa wa muda ni kubadilisha uzi wa ovaloki. Nguo za rangi nzito zipite zote, ndipo ubadilishe. Na usiutoe uzi wa zamani ukaanza kutunga upya: ukate karibu na koni, funga mpya kwa fundo dogo, vuta taratibu. Fundo likikaribia sindano, likate na utunge kwa mkono, vinginevyo linakwama tunduni.

Vifungo na pindo za mkono ziwe kwenye kikapu, zinasubiri umeme ukatike. Ukiwepo, usishike kazi ya mkono.

zipu_tu
Watakuja wa kukushauri uwafungie mlango wenye zipu. Sikubaliani, hela ya zipu ndiyo mboga ya leo. Ila usiishike papo hapo. Mwanafunzi apokee, aandike jina, kazi na kilicholipwa, atie kwenye beseni. Beseni linaguswa saa 6 na saa 10, dakika 40 kila mara. Mteja aambiwe saa kamili ya kurudi. Ukisema "baadaye" atakaa kwenye benchi akupigishe stori.

Simu iache ilie, data ndiyo uzime. Picha za mitindo za WhatsApp zisubiri saa ya beseni. Ukiitwa katikati ya mshono, umalize kwanza, acha sindano imezama kwenye kitambaa, na pale pa kuendelea weka alama ya chaki. Bila hiyo utarudi na kuanza kukisia pensi (mkunjo wa kubana nguo ifuate umbo) ilikuwa inaingia wapi.

Fundi_Kipimo
Shukrani. Je, nguo za msiba zinazotakiwa kesho? Na mwanafunzi anaweza kukata?

Bobini
Msiba unaingia kwenye yale masaa 8. Shona bila bitana, mtindo mmoja kwa wote. Masaa yakiwa yameshaisha, wapeleke kwa fundi jirani siku hiyo hiyo, wasije kulijua asubuhi ya mazishi. Mwanafunzi asiguse mkasi kwenye kitambaa cha mteja bado. Apitishe ovaloki kwenye vipande ambavyo havibadiliki mteja akijaribu, ashone vifungo, ajaze bobini.